Muamala mmoja, nodi nyingi: jinsi ya kuhakikisha yote yanafanyika au halifanyiki lolote kwenye Apache Ignite

Maswali yanayokuja kuhusu Apache Ignite, mfumo wa kuhifadhi data kwenye klasta, yaani kundi la seva (nodi) zinazofanya kazi pamoja, ni yaleyale. "Nimeweka txStart (amri ya kuanzisha muamala), mbona salio la mtumaji limepungua na la mpokeaji halijaongezeka?" "Mbona klasta nzima inaganda nikiongeza nodi?" "Kwenye kompyuta yangu inafanya kazi, kwenye seva tatu inagoma." Majibu yake yanahusiana, kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa hatua, ili ukianza leo uanze vizuri.

Mfano tutakaoutumia ni kuhamisha fedha kutoka akaunti moja kwenda nyingine, ilhali akaunti hizo zimehifadhiwa kwenye nodi mbili tofauti za kache (hifadhi ya Ignite inayoweka kila thamani chini ya ufunguo wake). Tunataka zote mbili zibadilike, au isibadilike hata moja, hata kama seva itazimika katikati ya kazi.

Nadharia ni fupi. Ignite hufanya muamala, yaani kundi la mabadiliko linalohesabiwa kama kitu kimoja, kwa awamu mbili: kwanza nodi zote zinazohusika zinaandaa mabadiliko na kujibu kwamba ziko tayari, kisha ndipo mabadiliko yanaandikwa. Awamu hizo zinafanya kazi vizuri, na ni mara chache tatizo hutoka huko. Tatizo hutoka kwenye vitu ulivyoviacha nje ya muamala bila kujua. Muamala unalinda kilichomo ndani yake tu. Shikilia hilo unaposoma hatua zinazofuata.

Neno moja kwa wanaotumia Redis Cluster: huko MULTI na EXEC (amri za kufungua na kukamilisha muamala) hazivuki nodi. Funguo zikiangukia sloti (mafungu ya funguo) tofauti kati ya zile 16384, unapata kosa la CROSSSLOT, na njia ya kawaida ni kuzilazimisha zikae sloti moja kwa kuweka sehemu ya jina la ufunguo ndani ya mabano ya {}. Kama akaunti zako haziwezi kukaa pamoja, usihangaike kuilazimisha Redis. Tumia chombo kilichojengwa kwa kazi hiyo, na Ignite ni kimojawapo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Apache Ignite 2.x, na Java 11 au 17. Ukiwasha nodi kwa ignite.sh kwenye Java 17, hati hiyo inaongeza yenyewe vigezo vya --add-opens. Ukiwasha nodi ndani ya programu yako mwenyewe, itabidi uviongeze kwa mkono.
- Nodi tatu. Zinaweza kuwa kwenye kompyuta moja wakati wa kujifunza.
- Milango ya mtandao iwe wazi kati ya seva: 47500 na kuendelea kwa ajili ya nodi kutafutana, 47100 na kuendelea kwa ajili ya mawasiliano.
- Salio lihifadhiwe kama namba nzima ya aina ya long, kwa senti. Usitumie double kwa fedha.

Hatua ya 1: Washa nodi tatu, wala usijaribu kwa moja

Nodi moja haithibitishi chochote. Funguo zote zinakuwa mahali pamoja, hakuna mtandao wa kukatika, na msimbo mbovu unaonekana mzima. Kwenye kompyuta moja tumia TcpDiscoveryVmIpFinder yenye anwani 127.0.0.1:47500..47509, kisha washa nodi moja baada ya nyingine mpaka logi ionyeshe servers=3.

Hatua ya 2: Tengeneza kache ya miamala

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kache ya Ignite usipoiambia kitu inakuwa ATOMIC, na jina hilo linawapoteza watu. Maana yake ni kwamba kila operesheni *moja* inakamilika yote au haifanyiki. Haihusu operesheni mbili kwa pamoja. Unachotaka wewe ni TRANSACTIONAL:

```java
CacheConfiguration<String, Long> cfg = new CacheConfiguration<>("akaunti");
cfg.setCacheMode(CacheMode.PARTITIONED);
cfg.setAtomicityMode(CacheAtomicityMode.TRANSACTIONAL);
cfg.setBackups(1);
cfg.setWriteSynchronizationMode(CacheWriteSynchronizationMode.FULL_SYNC);
cfg.setPartitionLossPolicy(PartitionLossPolicy.READ_WRITE_SAFE);

IgniteCache<String, Long> akaunti = ignite.getOrCreateCache(cfg);
```

Tazama mistari mitatu ya mwisho ya usanidi. Idadi ya nakala rudufu usipoiweka ni 0, yaani nodi ikifa data yake inakwenda nayo, hata muamala ungekuwa mzuri namna gani. FULL_SYNC inamaanisha unasubiri nakala rudufu nazo zithibitishe. Hali ya kawaida, PRIMARY_SYNC, inasubiri nodi kuu, yaani inayomiliki data hiyo, peke yake. READ_WRITE_SAFE inafanya patisheni (fungu la funguo za kache) iliyopotea itoe kosa, badala ya kujifanya tupu na kukuonyesha kwamba akaunti ya mtu haipo.

Onyo: getOrCreateCache hailinganishi usanidi. Kama kache yenye jina hilo ilishaundwa jana ikiwa ATOMIC, utarudishiwa ileile ya jana bila kosa lolote, na mistari yako mipya haisomwi. Hakikisha kwa mkono:

```java
System.out.println(akaunti.getConfiguration(CacheConfiguration.class)
    .getAtomicityMode());
```

Ikichapisha ATOMIC, iharibu kache hiyo uiunde upya (kwenye mazingira ya majaribio), au unda nyingine kwa jina jipya uhamishe data.

Hatua ya 3: Thibitisha kwamba funguo zako ziko nodi tofauti

```java
Affinity<String> aff = ignite.affinity("akaunti");
System.out.println(aff.mapKeyToNode("AK-1001").id());
System.out.println(aff.mapKeyToNode("AK-1002").id());
```

Ukiona kitambulisho kimoja mara mbili, badilisha namba ya akaunti mpaka upate mbili zinazokaa nodi tofauti. Patisheni ziko 1024 kwa kawaida, na mgawanyo unafuata heshi ya ufunguo (namba inayokokotolewa kutoka kwenye ufunguo), kwa hiyo hutatafuta sana.

Hatua ya 4: Andika muamala wenyewe

```java
if (kutoka.equals(kwenda))
    throw new IllegalArgumentException("Akaunti ni moja");

String wa1 = kutoka.compareTo(kwenda) < 0 ? kutoka : kwenda;
String wa2 = wa1.equals(kutoka) ? kwenda : kutoka;

try (Transaction tx = ignite.transactions().txStart(
        PESSIMISTIC, REPEATABLE_READ, 3000, 2)) {

    akaunti.get(wa1); // kufuli la kwanza
    akaunti.get(wa2); // kufuli la pili

    long a = akaunti.get(kutoka);
    long b = akaunti.get(kwenda);

    if (a < kiasi)
        throw new IllegalStateException("Salio halitoshi");

    akaunti.put(kutoka, a - kiasi);
    akaunti.put(kwenda, b + kiasi);
    tx.commit();
}
```

Ni msimbo mfupi, lakini kila mstari una sababu yake.

Ukaguzi wa akaunti moja kule juu si wa mapambo. Chukua akaunti yenye 10,000 inayojitumia yenyewe 1,000: a na b zote zinasomwa 10,000, inaandikwa 9,000, kisha juu yake inaandikwa 11,000. Muamala umekamilika vizuri kabisa, na fedha zimezaliwa.

Kuzisoma akaunti kwa mpangilio wa alfabeti kunazuia mkwamo. Ukitumia PESSIMISTIC pamoja na REPEATABLE_READ, kufuli linashikwa pale unaposoma ufunguo kwa mara ya kwanza. Sasa Asha anamtumia Juma wakati huohuo Juma anamtumia Asha. Muamala wa kwanza unashika Asha na kumngoja Juma, wa pili umeshika Juma unamngoja Asha, na hakuna atakayeachia. Kila mmoja akianza na jina lililo mbele kialfabeti, mmoja atasubiri mlangoni na mwingine atapita. Kwa sababu hiyohiyo, ukitumia putAll mpe TreeMap, usimpe HashMap.

Ukitoka kwenye try bila kufika commit(), iwe ni kwa hitilafu au kwa return, close() inarudisha kila kitu kilivyokuwa. Huna haja ya kuita rollback() mwenyewe.

Kuhusu kuchagua aina ya muamala, kuna michanganyiko sita na unayoihitaji ni miwili. PESSIMISTIC na REPEATABLE_READ, kama hapo juu, inafaa pale funguo zinapogombaniwa sana. OPTIMISTIC na SERIALIZABLE haishiki kufuli wakati wa kusoma. Inakagua matoleo ya data mwishoni, na ikikuta mtu amebadilisha kitu ulichosoma inatupa TransactionOptimisticException, nawe unarudia tangu mwanzo. Hiyo haina mkwamo kabisa, ila inachosha pale ambapo kila mtu analenga akaunti moja ya muuzaji mkubwa.

Kaa mbali na OPTIMISTIC pamoja na REPEATABLE_READ kwa kazi ya fedha. Jina linavutia, lakini haikagui kama ulichokisoma bado ni kilekile wakati wa kukamilisha, kwa hiyo watu wawili wanaweza kusoma 10,000, kila mmoja akatoa 1,000, na ikabaki 9,000. PESSIMISTIC na READ_COMMITTED nayo ina tundu hilohilo, kwa kuwa kusoma hakushiki kufuli.

Hatua ya 5: Weka ukomo wa muda kila mahali

Muamala wa Ignite usiowekewa ukomo unasubiri milele. Mbaya zaidi, upelelezi wa mkwamo unaanza pale muda unapokwisha, kwa hiyo bila ukomo hata hutaambiwa kwamba umekwama. Kwenye msimbo wa juu nimeweka 3000, yaani sekunde tatu. Weka pia ukomo wa jumla:

```java
TransactionConfiguration t = new TransactionConfiguration();
t.setDefaultTxTimeout(5000);
t.setTxTimeoutOnPartitionMapExchange(10000);
igniteCfg.setTransactionConfiguration(t);
```

Mstari wa pili ndio jibu la swali la klasta kuganda. Nodi inapoingia au kutoka, klasta hupanga upya nani anamiliki patisheni gani, na kabla ya kupanga husubiri miamala iliyo wazi iishe. Miamala mipya nayo inasubiri nyuma yake. Muamala mmoja uliosahaulika wazi unatosha kuwasimamisha wote. Kwa mstari huo, muamala ulio wazi utarudishwa nyuma baada ya sekunde kumi na kazi itaendelea.

Hatua ya 6: Mpe kila ombi namba yake, uiandike ndani ya muamala huohuo

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayotofautisha mfumo wa majaribio na mfumo unaoweza kubeba fedha za watu.

Fikiria programu yako inaita commit(), nodi zote zinaandaa mabadiliko, kisha programu inakufa kabla ya kupata jibu. Nodi zilizobaki zinaulizana: wote tulishajiandaa? Kama ndiyo, zinakamilisha muamala zenyewe. Fedha zimehama. Lakini mtumiaji ameona kosa kwenye simu yake, naye anabonyeza tena. Muamala wa pili nao ni halali kabisa, na fedha zinahama mara mbili.

Dawa yake ni kache ya pili, nayo iwe TRANSACTIONAL na yenye usanidi uleule, kwa ajili ya namba za maombi. Ndani ya try, kabla ya kugusa akaunti:

```java
if (!maombi.putIfAbsent(ombiId, "IMEFANYIKA"))
    return; // lilishafanyika
```

Muamala mmoja unaweza kugusa kache nyingi, na zote zinakamilika pamoja. Namba ya ombi itolewe na upande wa mtumiaji kabla ya jaribio la kwanza, na majaribio yote yanayofuata yatumie namba ileile. Ukiizalisha ndani ya seva kila ombi linapofika, umerudi pale pale. Mpangilio wa kufuli nao uheshimiwe: maombi kwanza, akaunti baadaye, kila mahali kwenye msimbo wako.

Ukishakuwa na namba ya ombi, kurudia kunakuwa salama. Zungushia muamala kitanzi cha majaribio machache yenye pumziko fupi kati yake. Hitilafu ambazo zikitokea unarudia muamala ni TransactionTimeoutException, TransactionOptimisticException, TransactionRollbackException na ClusterTopologyException. Nyingi zinakuja zimefungwa ndani ya CacheException, kwa hiyo chungulia getCause(). Kwa ClusterTopologyException, ngoja kwanza retryReadyFuture().get() ili klasta imalize kujipanga. "Salio halitoshi" usiirudie, hilo ni jibu tayari.

Hatua ya 7: Kagua kila kitu kilichomo ndani ya try

Pitia mstari kwa mstari ukijiuliza: hiki nacho kitarudi nyuma muamala ukishindwa?

SMS haitarudi. Wala ombi la HTTP kwenda kwa mfumo mwingine. Ukituma ujumbe wa "Umepokea 1,000" ndani ya muamala kisha muamala ukaanguka, umemdanganya mteja. Tena ombi la HTTP lililochelewa linashikilia makufuli muda wote huo. Andika ujumbe kwenye kache ya tatu ya TRANSACTIONAL, ndani ya muamala huohuo, na uwe na mchakato mwingine unaousoma na kuutuma baada ya muamala kukamilika.

Kache ya ATOMIC haitarudi. Matoleo ya karibuni yanakukatalia kwa kosa ukiigusa ndani ya muamala. Usizime kosa hilo kwa withAllowAtomicOpsInTx kabla hujaelewa unachokiruhusu.

UPDATE iliyopita kwenye injini ya kawaida ya SQL, yaani H2, haimo ndani ya muamala. Tumia get, put, putAll na invoke.

Kazi uliyoipeleka kwenye thredi nyingine haimo. Muamala umefungwa kwenye thredi iliyouanzisha. Ukiita CompletableFuture.runAsync au ukitumia mkondo sambamba ndani ya try, put ya huko inajifanya peke yake, nje ya muamala, na haitatoa onyo. Wanaotumia @Async ya Spring waangalie sana hapa.

Hifadhidata ya nyuma ya kache inategemea. Ukiwa na setWriteThrough(true), mabadiliko yanaandikwa kwenye hifadhidata kama sehemu ya muamala, na hifadhidata ikikataa, muamala unarudi nyuma. Kumbuka kwamba uandishi huo unafanywa na nodi iliyoanzisha muamala, hivyo hata nodi ya mteja inahitaji madarasa ya CacheStore na njia ya kufika kwenye hifadhidata. Ukiwasha write-behind, uandishi unafanyika baadaye kwa mafungu, na ahadi ya muamala haifiki huko.

Hatua ya 8: Ua nodi wakati kazi inaendelea

Jaza akaunti 1,000 zenye 10,000 kila moja. Jumla ni 10,000,000, na haitakiwi kubadilika kamwe. Anzisha thredi kadhaa zinazohamisha kiasi cha kubahatisha kati ya akaunti za kubahatisha. Zikishika kasi, chagua nodi moja uiue kwa kill -9. Usiizime kwa ustaarabu, maana kuzima kwa ustaarabu kunaipa nafasi ya kumaliza mambo yake, nawe unataka kuona kinachotokea isipopewa. Ukiwa na nakala rudufu moja, ua nodi moja tu, kisha subiri data isambazwe upya kabla ya kuua nyingine.

Kisha simamisha uhamishaji, ndipo ujumlishe. Ukijumlisha kwa ScanQuery huku fedha zinahama, utapata namba zisizolingana hata kama kila kitu kiko sawa, kwa sababu ScanQuery haisomi ndani ya muamala: imeshampita mtumaji kabla hajakatwa, ikamkuta mpokeaji ameshaongezewa. Nimeona watu wakivunja msimbo mzuri kwa ajili ya ripoti ya namna hiyo. Baada ya jumla kulingana, endesha pia:

```
./control.sh --cache idle_verify akaunti
```

Amri hii inalinganisha nodi kuu na nakala rudufu, nayo inahitaji klasta iwe imetulia.

Mambo yakienda kombo

*Salio la mmoja limebadilika, la mwenzake bado.* Anza na getAtomicityMode() ya hatua ya 2. Ikiwa ni TRANSACTIONAL, tafuta thredi ya pili ndani ya try.

*TransactionTimeoutException nyingi.* Chunguza sababu yake ya ndani. Ukikuta TransactionDeadlockException, ujumbe wake unataja funguo na miamala iliyokwama, kwa hiyo rekebisha mpangilio wa kufuli. Usipoikuta, kuna kazi ndefu ndani ya muamala, au mapumziko marefu ya kusafisha kumbukumbu ya Java kwenye nodi mojawapo.

*Klasta imeganda na logi inarudia "Failed to wait for partition map exchange".* Tafuta muamala uliobaki wazi, kwa mfano uliodumu zaidi ya sekunde 30, kisha uue kwa kitambulisho chake:

```
./control.sh --tx --min-duration 30
./control.sh --tx --xid KITAMBULISHO --kill
```

*TransactionOptimisticException haziishi.* Kuna ufunguo mmoja unaogombaniwa na wote. Hamia PESSIMISTIC kwa njia hiyo, au igawe akaunti hiyo kubwa kuwa kadhaa ndogo na ujumlishe wakati wa kusoma.

*TransactionHeuristicException.* Hii ina maana hali ya mwisho haijulikani. Usirudie kwa upofu na usimwambie mteja chochote bado. Soma kache ya maombi, soma na akaunti zote mbili, ndipo uamue.

*CacheInvalidStateException.* Patisheni zimepotea, yaani nodi nyingi zimekufa kuliko nakala rudufu ulizonazo. Zirudishe nodi zenye data kwanza. Zikisharudi, endesha control.sh --cache reset_lost_partitions akaunti. Ukiiendesha amri hiyo kabla nodi hazijarudi, unaiambia klasta kwamba umekubali data hiyo imepotea.

*Unatumia kiunganishi chepesi (thin client) na muamala unatoweka.* Muamala wa kiunganishi chepesi unaanzishwa kwa client.transactions().txStart(), na unaishi pamoja na muunganisho wake. Mtandao ukikatika kabla ya commit(), seva inaurudisha nyuma. Ukikatika wakati commit() iko njiani, hujui kilichotokea, na kache ya maombi ndiyo itakayokuambia.